Maktaba ya vioo haitufai Mombasa

Jamaa akinitembelea huku Uholanzi, pahali pa kwanza nampeleka Delft, kwenye maktaba ya chuo kikuu cha ufundi. Nataka aione kwa macho yake, maana kila nikirudi Mombasa nasikia watu wakisema chuo cha kisasa lazima king'ae kwa vioo.

Maktaba hiyo ilisanifiwa na kampuni ya Mecanoo, ikakamilika 1997. Walichofanya ni kama kuinua pembe moja ya busati na kuisukuma maktaba chini yake. Paa lote ni nyasi, unalipanda kwa miguu kutoka chini, na siku ya jua wanafunzi hujilaza juu yake na vitabu vyao. Katikati ya nyasi limechomoza umbo la koni linaloshusha mwanga hadi ndani, na ndani ya koni hiyo mna ghorofa za kusomea. Ukiingia ukumbini unakutana na ukuta wa buluu wenye rafu zinazoning'inia, vitabu juu ya vitabu.

Vioo vipo, tena vingi. Lakini Desemba huku jua huzama saa kumi na nusu alasiri, na mwanga ni wa kutafutwa. Udongo na nyasi za paa huzuia baridi wakati wa kipupwe na joto wakati wa kiangazi. Kila kitu pale kimejibu hali ya hewa ya Delft.

Sisi tuko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta. Jua hatulitafuti! Jengo la vioo kwetu huwashwa kiyoyozi asubuhi hadi jioni, mapazia yanateremshwa, kisha taa zinawashwa saa sita mchana. Stima zikipotea, ndani hapakaliki. Inaniuma kuona pesa za vyuo zikienda huko wakati Mji wa Kale uko pale pale: kuta nene za matumbawe na chokaa, vichochoro vyembamba vinavyotiliana kivuli, roshani za mbao zinazopitisha upepo. Hata mtaani Tudor, majengo ya zamani ya Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ya tangu enzi za MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu iliyokuwa hapo kwanza, yana kuba na matao yake. Tumejua kujenga vyuo vyenye sura ya Pwani tangu zamani.

Najua nitajibiwa kuhusu unyevu, na ni kweli: hewa ya chumvi na kuvu huviua vitabu. Basi vitabu vitengewe chumba kidogo, kikavu, kilichofungwa, na kiyoyozi kiwe cha humo peke yake. Delft nao wana ghala la vitabu chini ya ardhi, mbali na wasomaji. Msomaji wetu akae kivulini, dirisha lifuate kusi na kaskazi, ukumbi uzungukwe na mabaraza ya mawe ambapo watafiti wanaweza kubishana bila kuambiwa wanyamaze. Baraza ndipo elimu yetu ilipokuwa ikizungumzwa kabla ya vyuo vikuu kufika.

Kwa hiyo chuo chochote cha Pwani kikitangaza zabuni ya maktaba, masharti yawe na mstari huu: jengo likalike saa nane mchana, mwezi wa Machi, stima zikiwa zimepotea. Msanifu asiyeliweza hilo, kazi apewe mwingine.