Wema wa Kwetu Unauliza Kwanza "Wewe wa Nani?"

Nikipiga simu kambini Nyarugusu, Tanzania, ndugu zangu hawakosi kuniuliza: eti ni kweli huko Marekani mtu anaweza kufia ndani na jirani asijue? Nawaambia ni kweli. Hapa Pittsburgh, jirani wa mlango wa pili namfahamu kwa sauti ya mbwa wake tu. Basi wanaguna, wanamshukuru Mungu kwamba sisi bado tuna utu. Nami huwa naitikia, lakini moyoni sikubali yote. Utu tunao, sikatai. Ila utu wetu umewekewa mlinzi getini, na mlinzi huyo hafungui kabla hujajieleza.

Tuliokulia Nyarugusu tunajua nazungumzia nini. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili yetu Wakongomani tuliovuka Ziwa Tanganyika kukimbia vita. Mtu akifiwa pale, haulizwi anahitaji nini. Kina mama wanaingia na unga wa mgao wao wenyewe, vijana wanaleta kuni, na kuni za Nyarugusu si kitu cha kuchezea, maana kuzifuata porini nje ya kambi ni kujitafutia matatizo. Sijauona ukarimu wa namna hiyo katika mtaa wowote wa hapa. Lakini mwaka 2015 Warundi walipoanza kumiminika, niliwaona kina mama walewale bombani wakimzuia mwanamke mwenye mtoto mgongoni na ndoo mkononi. "Wewe wa wapi? Bomba lenu liko kule." Kule hakukuwa na bomba bado. Mmoja alimpisha, tena kwa kugombana na wenzake.

Shirika lililotupokea Pittsburgh ni la Kiyahudi. Mchungaji wetu kambini alitutania kwamba tunakwenda kukaa na wana wa Israeli, tusisahau kumsalimia Musa. Tulikuta nyumba imeshapangishwa, vitanda vimetandikwa, na jikoni sufuria ya wali na samaki aliyopika mama mmoja Mkongomani, kwa sababu utaratibu wa kupokea wakimbizi ulitaka mgeni akute chakula alichokizoea, kilicho tayari kuliwa. Kesho yake akaja bibi mmoja wa kujitolea na mifuko ya makoti. Akatupima kwa macho, akamvalisha mtoto mmoja mmoja, akafunga zipu mpaka kidevuni. Akamvuta kofia mdogo wetu aliyekuwa anaivua. Hakuuliza tunasali wapi. Hakuuliza kama sisi ni Wabembe, Wafuliiru au Wanyamulenge, swali ambalo kule Kivu Kusini jibu lake linaweza kukumaliza.

Shirika letu lilifanya kazi chini ya HIAS, shirika kubwa la Kiyahudi la kusaidia wakimbizi, ambalo lilianzishwa New York zaidi ya miaka 100 iliyopita ili kuwapokea Wayahudi waliokimbia mauaji katika himaya ya Urusi. Leo wengi wanaowahudumia si Wayahudi, na Nairobi walifungua ofisi ya wakimbizi mwaka 2002. Wenyewe wana msemo: zamani tuliwasaidia watu kwa kuwa wao ni Wayahudi, sasa tunawasaidia kwa kuwa sisi ni Wayahudi.

Nilipopata Kiingereza cha kutosha nilimuuliza yule bibi kama alitupenda siku ile. Alicheka sana. Angetupendaje, na alikuwa hatujui? Akasema ameamriwa, na amri haingoji moyo uchangamke. Karibu na jiko lake kuna kikopo cha bati cha sadaka, chenye tundu juu. Ijumaa jioni, kabla hajawasha mishumaa ya Sabato, anadondosha sarafu humo. Nimemwona akifanya hivyo akiwa amenuna, amegombana na binti yake kwenye simu. Sarafu ziliingia vilevile.

Hapo ndipo ninapoona tofauti na kwetu. Sisi tunasubiri huruma itushike. Ikitushika tunatoa mpaka shuka la kitandani, isipotushika tunapita tukiangalia pembeni. Na huruma ina tabia ya kumtambua ndugu upesi kuliko mgeni.

Bibi alinipa masomo mengi, mengine kutoka Biblia ileile tunayobeba Jumapili. Kutoka 23 inasema ukimkuta punda wa anayekuchukia ameanguka chini ya mzigo, msaidie. Marabi, yaani walimu wa dini ya Kiyahudi, katika Talmudi, kitabu cha mijadala yao ya kale, wakasogea mbele: je, ukikuta punda wa rafiki anahitaji kushushwa mzigo, na punda wa adui anahitaji kupakiwa? Kwa kawaida kumshusha mzigo mnyama anayeumia hutangulia. Lakini hapa wakasema anza na wa adui, ili uukanye moyo wako. Mahali pengine wakaweka kwamba maskini wa mataifa walishwe pamoja na maskini wa Israeli, wagonjwa wao watembelewe, wafu wao wazikwe, kwa ajili ya amani.

Ninalolipenda zaidi ni la ombaomba. Marabi wawili walibishana nani achunguzwe kabla ya kupewa, anayeomba nguo au anayeomba chakula. Ikashika kauli ya mmoja wao, Rav Yehuda: wa nguo unaweza kumchunguza, wa chakula hapana, maana huyo ana njaa sasa hivi. Na Rabi Elazar akasema tuwashukuru matapeli, kwa sababu wasingekuwepo, kila siku tuliyokataa kutoa ingehesabiwa dhambi. Nikamwambia bibi kwamba kwetu matapeli hao tunawashukuru kuliko yeyote, maana ndio kisingizio chetu cha kila siku kwenye stendi ya basi.

Sitaki kuwapamba. Sheria yao pia inasema maskini wa mji wako hutangulia wa mji mwingine, na bibi hakunificha hilo. Alinieleza kwamba utaratibu huo ni wa wakati chakula hakitoshi, si leseni ya kumfungia mlango aliyekwisha kubisha. Wapo Wayahudi wanaousoma kwa ubahili zaidi. Na najua mtaniuliza kuhusu Gaza. Mezani kwao nimesikia wakibishana juu ya vita hivyo mpaka supu ikapoa, na si mimi wa kuwasemea. Nasema ya watu niliowaona.

Na niliwaona Oktoba 2018. Jumamosi ya tarehe 27, mtu mwenye bunduki aliingia katika sinagogi la Tree of Life, mtaa wa Squirrel Hill, akaua waumini 11. Kabla ya hapo alikuwa ameandika mtandaoni kwa hasira kwamba HIAS inaleta wavamizi. Wavamizi hao ni mimi na wadogo zangu. Muuaji huyo alijeruhiwa kwa risasi za polisi, akapelekwa hospitali ya Allegheny General, na waliomhudumia walikuwemo Wayahudi: nesi ambaye ni mtoto wa rabi, na mkuu wa hospitali ambaye sinagogi lake ni lilelile. Waislamu wa Marekani nao walichangisha zaidi ya dola 200,000 kwa ajili ya familia za waliouawa. Bibi yetu alikuwa na misiba ya kuhudhuria wiki ile, kisha akarudi kumfundisha mdogo wangu hesabu za sehemu.

Sasa nirudi kwetu sisi, maana hili ndilo lililonifanya niandike. Chama chetu hapa kina mfuko wa misiba, na mfuko huo ni fahari yetu. Majira ya baridi yaliyopita alifariki mzee mmoja Mrundi, hana mke hapa, hana mtoto. Kundi la WhatsApp likawaka. Katiba inasema mwanachama aliyelipa ada. Wengine wakaandika "Warundi wana chama chao," kama bombani kabisa. Mwishowe wachache tulichanga pembeni na akazikwa, lakini mfuko haukutoa hata senti.

Marabi wanasema wema anaotendewa maiti ndio wema wa kweli, kwa kuwa hawezi kuulipa. Wanautoa kwenye Mwanzo 47, pale Yakobo anapomsihi Yusufu asimzike Misri. Mstari huo tumeusoma kwenye kila msiba wetu.

Kwa hiyo nimepeleka pendekezo: sehemu ndogo ya kila ada iwekwe kando kwa ajili ya marehemu asiye na mtu, awe Mrundi, Mnyarwanda au Mmarekani. Katibu anasema tutafilisika, nami nimemjibu kwamba tutatoa kwa kadiri ya kilichowekwa, kikiisha kimeisha. Mweka hazina hana shida na pesa, ana shida na ushahidi. Anataka kamati ya kuthibitisha kwamba marehemu kweli hakuwa na ndugu, tusije tukatapeliwa. Nimemwomba anitajie tapeli mmoja aliyewahi kufa ili azikwe bure.