Kusomea topo (upimaji) ya mgodi: miaka mitano au wiki sita?

Kijana wa jirani yetu hapa Katuba, Lubumbashi, amemaliza sekondari na ana pesa ya mwaka mmoja wa masomo. Aingie chuo kikuu asomee upimaji wa migodi mpaka mwisho, au alipie wiki sita za droni na GPS kisha akatafute kazi Kolwezi, mji wa migodi? Nyumbani hawaelewani. Baba anataka injinia. Mjomba, dereva wa lori la madini, anacheka tu: "Mpaka umalize, wenzako watakuwa wameshajenga."

Mjomba hasemi upuuzi. Kuanzia Kolwezi hadi Fungurume, shaba na kobalti nyingi hutoka kwenye mashimo ya wazi. Huko droni inapaa, inapiga picha, na programu inatoa ujazo wa lundo upesi, kazi ambayo zamani ilimtaka mtu apande na kushuka siku nzima begani akiwa na fimbo ya prizma, kioo kinachorudisha mwanga kwenye mashine ya kupimia. Makampuni madogo ya kandarasi yanamtaka anayejua kuirusha leo. Na vyuo navyo vina dhambi zao. Mimi nilipigishwa hesabu za poligoni, yaani mlolongo wa nukta zinazopimwa moja baada ya nyingine, ubaoni muhula mzima kabla ya kugusa teodoliti, mashine ya kupima pembe, nayo ilikuwa moja kwa darasa zima.

Lakini chukua lundo la madini la hekta 2. Mshika prizma ameinua fimbo hadi mita 1.80, aliye kwenye mashine ameandika 1.50. Kila nukta inapanda sentimita 30, zote kwa pamoja, kwa hiyo umbo la lundo kwenye kioo cha kompyuta linapendeza kabisa. Hesabu inazaa mita za ujazo 6,000 ambazo hazipo. Ukikadiria tani 1.7 kwa kila moja, hizo ni tani 10,200, yaani malori 255 ya tani 40. Mashine haipigi kelele. Kosa hilo nililifanya mwenyewe nikiwa kwenye staji (mafunzo ya kazini), na aliyeniokoa ni mzee mmoja aliyenilazimisha nipime kwanza nguzo ambayo kimo chake kilijulikana. Nilikasirika, jua lilikuwa kali. Picha za droni nazo, zisipolinganishwa vizuri na nukta zilizopimwa ardhini, zinaweza kuinua au kuzamisha shimo zima kwenye ramani bila wewe kujua.

Chini ya ardhi ndiko hoja ya mjomba inakoishiwa pumzi, maana mawimbi ya satelaiti, ambayo GPS inayategemea, hayafiki. Kipushi, kilomita 30 hivi kutoka hapa, mgodi uliosimama 1993 ukarudi kutoa zinki 2024, madini yako zaidi ya kilomita moja chini. Njia ya kale ya kuteremsha mwelekeo kutoka juu hadi chini mgodini ni kuning'iniza nyaya mbili zenye uzito kwenye shimo la kushukia. Zikiwa zimeachana mita 4, na mmoja ukisogea pembeni milimita 1 tu, baada ya kilomita moja handaki lako limepotoka sentimita 25. Siku hizi kuna jiroteodoliti, teodoliti inayotafuta kaskazini yenyewe, ila nayo inamtaka mtu anayeelewa inachomwambia. Kiwandani ni hivyohivyo: reli za kreni zikiachana milimita kadhaa kuliko inavyotakiwa, magurudumu yanalika.

Kwangu baba anashinda, ingawa si kwa hoja yake, kwani anachotaka hasa ni mwana aitwe injinia mbele ya watu. Wapo wanaoshauri aanze na wiki sita, afanye kazi, alipie chuo baadaye. Inasikika vizuri. Niliowaona wakifanya hivyo walipata mshahara, wakaoa, na chuo kikabaki cha mwaka ujao.

Ila kuna sharti moja. Nimemwambia kijana, kabla hajalipa hata faranga moja, aende kwenye vyuo viwili anavyovifikiria, apite ofisi ya kujiandikisha bila kusimama, aombe kuona stoo ya vifaa. Ahesabu mashine zinazowaka, agawanye kwa idadi ya wanafunzi. Akikuta moja kwa darasa zima kama yetu ile, basi mjomba tutamsikiliza upya.