Mtu mzima kwenye mchezo wa watoto: aingie au awaache?

Ukiachiwa watoto wadogo uwaangalie mchana kutwa, hutakaa sana kabla hujapangiwa kazi: uwe mteja wa duka, mgonjwa, abiria, au mtoto anayekataa kula. Mimi kazi hiyo naipokea kwa mikono miwili, maana sijui furaha inayopatikana kwa bei ndogo kuliko hiyo. Lakini wapo watu ninaowaheshimu wanaoona kwamba mtu mzima hana la kutafuta humo, na hoja zao zina uzito.

Wanasema kujipikilisha, baba na mama, duka la mchanga na vifuniko vya soda ni michezo ya watoto kwa watoto, uani, mkubwa akimfundisha mdogo. Bibi anawatolea hadithi jioni, ila haketi chini kula ugali wa udongo. Hawajakosea. Mwanaanthropolojia Mmarekani David Lancy, aliyewachunguza watoto wa Wakpelle wa Liberia, ameeleza kwa kirefu kuwa mzazi kucheza na mwanawe si desturi ya dunia nzima. Imeshamiri hasa kwa watu wa tabaka la kati wa nchi tajiri. Hata kwa Wagusii wa Kenya, watafiti wa miaka ya 1950 waliwakuta watoto wachanga wakilelewa mchana na watoto wenzao waliowazidi umri. Nani atathubutu kusema watoto hao walikua bila ubunifu?

Hoja yao nyingine inanigusa zaidi: mtu mzima akiingia, mchezo unaharibika. Chukua mchezo wa daladala. Viti vimepangwa foleni sebuleni, dereva kashika sahani, konda wa miaka minne kasimama mlangoni anagonga ukuta: "Twende! Mbagala, Mbagala!" Mdogo wake anakuja na begi mgongoni, konda anamzuia kwa mkono: "Wanafunzi wawili tu!" Hapo mtu mzima hushindwa kujizuia. Atasema, "Jamani, mwache mwenzio apande, si vizuri." Basi limekufa. Konda kageuka mtoto anayekaripiwa, na kile alichokiona kituoni, alichokuwa anakigeuzageuza ili akielewe, kimezimwa.

Mwanasaikolojia Lev Vygotsky, katika mhadhara wa mwaka 1933, alisema mtoto anapocheza huwa kama amejizidi kimo kwa kichwa kizima. Ukimtazama konda yule utaona. Mezani hatulii dakika mbili, lakini mlangoni anasimama safari nzima hata akichoka, kwa sababu konda hakai. Kanuni hiyo hakuna aliyempa, kajiwekea mwenyewe. Ukiingia na kanuni zako unamrudisha kwenye kimo chake cha kila siku.

Hata hivyo, wanaotetea desturi ya uani waniambie uani wenyewe uko wapi. Mtoto wa ghorofa ya tano Kariakoo, au wa nyumba yenye geti linalofungwa kutwa, hana mwenzake wa kujipikilisha naye. Ana runinga na simu. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Saa nyingine zijazwe na nani? Aliyepo ni mtu mzima, na kwa mtoto huyo kumwacha acheze mwenyewe ni kumwacha peke yake.

Kwa hiyo nasimama upande wa kuingia, kwa sharti kwamba uingie kama mgeni. Pokea nafasi uliyopewa na ukae humo. Ukiwa mteja, ulizia bei, lalamika sukari imepanda, toa jani la mwembe kama noti. Muuza duka mmoja mdogo aliwahi kunijibu bila kupepesa macho: "Chenji hamna, chukua pipi." Akanipa jiwe. Raha niliyoipata siku ile nisingeipata ningekuwa nimekaa kwenye kochi nikisema, "Chezeni vizuri, msigombane."

Kuna jambo moja linaniuma, na halizungumzwi. Anayeshinda na watoto hao mara nyingi ni dada wa kazi. Anatakiwa afue, apike, adeki, kisha awachangamshe watoto. Akikutwa kalala sakafuni, kafungwa kanga mguuni, "daktari" anamdunga sindano ya kijiti, anaambiwa mvivu. Akiwasha katuni amalize kufua, anaambiwa hajali. Haiwezekani kumdai yote mawili kwa mikono ileile na mshahara uleule. Mwajiri anayetaka mwanawe apate mtu wa kucheza naye aamue asubuhi, kabla hajatoka, ni kazi gani ya ndani itakayosubiri, na amwambie dada hivyo kwa mdomo wake. Akirudi akakuta beseni la nguo halijaguswa na "mgonjwa" bado kalala sakafuni, asinune.