Baruti haipimwi kwa jicho

Nimekulia Sikonge, mkoani Tabora, ambako mjomba wangu alikuwa na gobore. Baruti nyeusi aliipima kwa kifuniko cha pembe, akaimimina mtutuni, akashindilia kwa ufito, akatia marisau, mwisho akabandika fataki, kile kidude kinacholipuka kikigongwa na kuwasha baruti. Mizani yake ilikuwa mkono na mazoea. Sikuwahi kumwona akikosea, na kwa miaka mingi niliamini kwamba ufundi ndio huo.

Sasa niko Montana, Marekani, mwaka wa tisa. Hapa wawindaji wengi hujijazia risasi nyumbani. Mtu anaokota maganda yaliyokwisha kupigwa, anayasafisha, anang'oa fataki iliyolipuka na kuweka mpya, anatia baruti, kisha anakandamiza kichwa cha risasi juu yake. Sheria ya taifa haimdai leseni anayejaza kwa matumizi yake. Anayetaka kuuza ndiye anayedaiwa. Kwetu, risasi moja bila kibali ni kesi.

Jamaa zangu wa hapa, Watanzania na Wakongo walioanza kuwinda paa, wananiomba niwafundishe kwa sababu risasi za dukani ni ghali. Nawafundisha, lakini nawaambia kwanza waache mazoea ya kukisia. Mama zetu hutia chumvi kwa vidole na chakula kinatoka kitamu. Baruti ya leo isiyo na moshi haitaki mkono wa namna hiyo. Inapimwa kwa greini, na ratili moja ina greini 7,000. Ukiitia kwenye gobore badala ya ile nyeusi, mtutu unaweza kukupasukia usoni.

Mwaka juzi nilikuwa najaza risasi za bastola, .38 Special. Ganda lake lilibuniwa karne ya 19 kwa ajili ya baruti nyeusi, kwa hiyo ni refu. Baruti ya leo inakaa chini kabisa, na ukitia vipimo viwili kwa bahati mbaya, vyote vinaingia bila kumwagika hata punje. Simu ikalia, mama anapiga kutoka nyumbani. Nikapokea, tukaongea habari za mvua na za shamba, nikarudi mezani na kuendelea. Kabla ya kufunga nilimulika maganda yote 50 kwa tochi. Moja, mstari wa tatu, baruti ilikuwa imepanda karibu na mdomo. Mikono ilinitetemeka. Nilimwaga yote 50 nikaanza upya.

Tangu siku hiyo simu inabaki jikoni, na mama anajua Jumapili jioni asinipigie. Mezani kuna kopo moja tu la baruti, kwa sababu aina mbili zinaweza kufanana kama mapacha. Kipimo nakisoma kwenye kitabu cha watengenezaji, sikichukui kwa rafiki, naanzia cha chini. Mikono nanawa nikimaliza, maana fataki nyingi zina risasi ile ya sumu, madini yenyewe, na nina watoto wadogo.

Kosa la kusahau baruti nalo ni baya vilevile. Fataki peke yake inakisukuma kichwa cha risasi hadi katikati ya mtutu, kinakwama. Mlio unakuwa hafifu, kama mtu amegonga mlango. Hapo usipige tena! Toa risasi zote, ukague mtutu. Risasi ya pili ikikuta njia imezibwa, bunduki inaweza kupasuka.

Nikiulizwa kupi ni bora, nasema wazi: sitamani uhuru huu ufike Sikonge. Huku umakini wote umeachiwa mtu mmoja, usiku, peke yake na mizani, na nimeona mwenyewe jinsi simu moja inavyoweza kumpotosha. Kule serikali inakataa mapema, na sioni kwamba tumepungukiwa.

Nikisafiri kwenda nyumbani, mke wangu hunisaidia kukung'uta mabegi na makoti juu ya kitanda, mfuko mmoja mmoja, tukitafuta risasi iliyosahaulika.