Saa za kifahari za mitambo: tunalipia ufundi au jina?

Chukua saa mbili. Ya kwanza ni ya betri, ya bei ya chini kabisa. Ya pili ni ya mitambo, imetengenezwa Uswisi na kufaulu majaribio ya COSC, taasisi inayopima usahihi wa saa nchini humo. Ile ya betri hukosea kama sekunde 15 kwa mwezi. Hii ya pili inaruhusiwa kuchelewa sekunde 4 au kukimbia sekunde 6 kwa siku, yaani kwa mwezi mmoja inaweza kupotoka dakika 3. Mwenye shida ya kujua wakati tu ameshapata jibu lake. Lakini hakuna mtu anayenunua saa ya bei ya gari kwa sababu hajui ni saa ngapi, kwa hiyo tuulize analipia nini hasa.

Kwanza tuitendee haki mashine yenyewe. Siku ina sekunde 86,400. Kukosea sekunde 6 ni kukosea sehemu moja kati ya 14,400, na anayekosea hapo ni springi na vyuma vitupu, bila umeme wowote. Ndani ya pipa dogo kuna springi iliyokunjwa inayotaka kufunguka yote kwa mkupuo mmoja. Kazi ya saa nzima ni kuizuia isifunguke ila kidogo kidogo. Nguvu yake hupita kwenye magurudumu ya meno hadi la mwisho, ambalo hukamatwa na kuachiwa, kukamatwa na kuachiwa, na uma mdogo wenye vijiwe viwili vya yakuti ya kutengenezwa. Uma huo nao hulipiga teke gurudumu la mizani, linalocheza huku na huku likirudishwa na springi nyembamba kama unywele. Ule mlio wa tik-tik unatoka kwenye mapigo hayo. Katika saa nyingi za leo ni mapigo 28,800 kila saa moja, zaidi ya milioni 250 kwa mwaka.

Hiyo springi ya unywele ndiyo iliyowasumbua mafundi kwa muda mrefu, kwa sababu joto huilegeza na saa ikaanza kuchelewa. Dawa haikutoka kwa fundi bali kwa mwanafizikia, Charles Édouard Guillaume, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1920 kwa utafiti wake wa aloi za chuma na nikeli. Baadhi ya aloi hizo hazijali sana joto wala baridi.

Kinachonivutia zaidi, hata hivyo, ni kalenda ya kudumu. Hii ni saa inayojua yenyewe kwamba Aprili ina siku 30 na Februari ina 28, na kwamba kila mwaka wa nne Februari huongezwa siku. Katika muundo mmoja unaojulikana sana, siri yake ni kisahani kinachozunguka mara moja kwa miaka minne, kimekatwa kwa ajili ya miezi 48. Mwezi wa siku 31 hauna pengo. Wa siku 30 una pengo la kina kifupi, Februari ina pengo la kina kirefu, na Februari ya mwaka mrefu pengo lake limepunguzwa kidogo tu. Mkono mdogo wa chuma hugusa ukingo wa kisahani hicho, na kadiri unavyozama ndivyo unavyojua tarehe ngapi za kuruka mwisho wa mwezi. Hapo kumbukumbu ya miaka minne imechongwa kwenye chuma. Itakosea mwaka 2100, ambao hautakuwa mrefu ingawa unagawanyika kwa nne, na hapo itabidi mtu airekebishe kwa mkono. Ukisikia mtu anasema huu ni urembo usio na akili, ujue hajawahi kufungua kifuniko.

Lakini wakosoaji nao wana hoja, na hoja yao nzito ni turbiyoni. Abraham-Louis Breguet alipata hataza yake mwaka 1801. Wakati huo saa ilikaa mfukoni, imesimama vilevile kutwa, na mvutano wa dunia uliisumbua mizani kwa upande uleule. Breguet akaiweka mizani na uma wake ndani ya kizimba kinachozunguka ili kosa la upande mmoja lifutwe na la upande mwingine. Ni wazo la kipaji. Mkononi, ambako saa hugeuzwa kila dakika mtu anapoandika, anapokula na anapopunga mkono, faida hiyo karibu yote inayeyuka. Hata hivyo turbiyoni leo hutobolewa dirisha usoni pa saa ili ionekane, na bei hupaa. Kilichokuwa dawa kimegeuka kipambo, na tangazo bado linakiuza kama dawa.

Mgeuko huo una chanzo chake. Tarehe 25 Desemba 1969 kampuni ya Seiko ya Japani ilitoa Astron, saa ya kwanza ya mkono inayopima muda kwa betri na kijiwe cha kwatsi kuuzwa madukani. Uswisi ilikuwa na wafanyakazi wa saa kama 90,000 mwaka 1970. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 walibaki kama 30,000. Katika kiwanda cha Zenith, fundi Charles Vermot aliambiwa mashine za kutengenezea mtambo wa El Primero zinaondolewa. Akavificha vifaa na michoro yake darini. Miaka kadhaa baadaye mtambo huo ulifufuliwa, na mwaka 1988 Rolex ikautumia kwenye saa yake ya Daytona. Viwanda vilivyonusurika vilielewa kwamba havitashinda tena kwa usahihi, vikaanza kuuza ufundi, ukoo na heshima.

Ufundi huo upo kweli, ila si kila anayeutaja anao. Njia moja ya kuukagua ni kutazama kwa lenzi daraja za chuma ndani ya saa, yaani vibao vinavyoshikilia magurudumu. Kingo zake hulazwa kwa pembe na kung'arishwa. Pale kingo mbili zinapokutana kwa ndani, kona inatakiwa iwe kali kama ncha ya kisu. Kikatio cha mashine kina umbo la duara na huacha kona ya mviringo, kwa hiyo ile kali hutolewa kwa tupa na kijiti cha mbao, taratibu, na mkono ukiteleza mara moja kipande kinatupwa. Philippe Dufour, fundi wa bonde la Vallée de Joux huko Uswisi, alijenga jina lake kwa kazi ya namna hiyo. Saa yake ya Simplicity haina kalenda wala turbiyoni, inaonyesha muda tu, na alitengeneza takriban 200.

Upande wa pili weka Daytona iliyokuwa ya mwigizaji Paul Newman. Mwaka 2017 ilinunuliwa mnadani New York kwa zaidi ya dola milioni 17. Ni saa ya chuma cha pua iliyotoka kiwandani pamoja na nyingine nyingi. Fedha hizo zililipia jina la Newman, wala sioni ubaya wake, mradi tusiuite ufundi. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Biashara hii haitaki kubahatisha, ndiyo maana mabango yake yamejaa waigizaji na wachezaji tenisi.

Utetezi ninaoukubali kuliko wote hauhusu urembo. Saa ya mitambo inatengenezeka. Mafuta yake hukauka, baada ya miaka mitano hadi kumi hufunguliwa, huoshwa na kupakwa mengine. Jino likivunjika, fundi mzuri mwenye mashine ya kukereza anaweza kulichonga gurudumu upya hata kama kiwanda kilifungwa zamani. Saa ya betri ikifa saketi yake na vipuri vimeisha, safari imeishia hapo.

Ajabu ni kwamba wenye viwanda wenyewe wanaubomoa utetezi huu. Tangu kampuni ya Ulysse Nardin ilipotoa saa ya Freak mwaka 2001, vipande vya silikoni (ile ngumu ya chipu za kompyuta, si ile ya mpira) vimeenea: havishikwi na sumaku na havihitaji mafuta mengi. Lakini silikoni haipindwi wala haipigwi tupa. Ikivunjika, fundi hana la kufanya ila kuagiza kipande kutoka kwa aliyekitengeneza. Na kampuni nyingi kubwa huwanyima vipuri mafundi walio nje ya mtandao wao. Mafundi huru walilalamika hadi Tume ya Ulaya, ikawakatalia, na walipoishtaki, mwaka 2017 mahakama ya Umoja wa Ulaya ikaikataa kesi yao. Kampuni zinasema zinajikinga na vipuri bandia na mafundi wanaoziba vibaya saa zikaingia maji. Ni hofu ya kweli. Ila inawezekana kumpima fundi na kumpa cheti bila kumfungia stoo.

Kwa mnunuzi, hili lina uzito kuliko idadi ya yakuti au jina la mwigizaji kwenye bango. Saa inayofunguliwa na kampuni moja tu ina maisha marefu kama subira ya kampuni hiyo, hata ikiwa kona zake zote zilitolewa kwa mkono.