Mchawi wa Kijani na Spika ya Kwaya

Sikatai mtu kupenda muziki. Muziki ndio unaonilisha. Nina kibanda cha ufundi redio pale Mwanjelwa, mwaka wa kumi na tisa huu, na sabufa zinazokoroma kuanzia Soweto mpaka Uyole karibu zote zimepita mikononi mwangu. Nyingine zimepita mara tatu, na wenye nazo wana maneno yao, tuyaache. Ninachokataa mimi ni kufanywa mlinzi wa albamu usiku wa manane, mvua inanyesha, baridi la Mbeya linapenya mpaka kwenye meno, na albamu yenyewe ni ya filamu ambayo nyumbani kwangu hakuna aliyeiona, hata paka.

Ilianza na status. Binti yangu wa pili yuko chuo, mwaka wa kwanza, anakaa nyumbani kwa sababu hosteli ni hela na mimi sichapi noti. Mwanzoni mwa Novemba akaweka: "Bado siku 20." Mimi nikajua ni mtihani. Nikafurahi, nikampa hela ya fotokopi bila kuombwa. Kesho yake: "Bado siku 19," na mioyo miwili, mmoja wa kijani, mmoja wa pinki. Dada yangu wa Tukuyu akapiga simu amenuna, anataka kujua posa imeletwa lini na kwa nini shangazi wa binti anaarifiwa na WhatsApp. Nikasema dada, hakuna posa. Akasema sawa, mfiche tu, sare nitajinunulia mwenyewe.

Kumbe ni filamu. Inaitwa Wicked, inatoka Marekani Ijumaa ya tarehe 22 Novemba 2024, na nyimbo zake zinatoka siku hiyohiyo kama albamu. Nikauliza, inahusu nini? "Mchawi, baba." Nikavuta kigoda. Mchawi gani? Akaeleza kwa furaha kabisa: mchawi wa kijani, amezaliwa na ngozi ya kijani, watu wanamsema vibaya bure, roho yake nzuri, na mwishoni anapanda ufagio anapaa.

Mama yangu alikuwa uani anapepeta mchele wa Kyela. Ungo ukasimama hewani.

"Anapanda nini?"

"Ufagio, bibi."

Kwa elimu aliyo nayo mama yangu, mchawi anayejiheshimu anasafiri kwa ungo. Ufagio ni wa kufagilia. Akauliza kama hao Wamarekani ungo hawana, au wanao lakini hawajui kuuendesha. Mjukuu akacheka. Mama hakucheka. Kuanzia siku ile ungo ukawa haulali jikoni, analala nao chumbani. Sikuuliza ni kwa usalama wa nani. Mama yangu ni mzee wa kanisa, na mimi nala kwenye chungu chake.

Kinachonichosha zaidi ni kwamba nyimbo zenyewe si mpya. Mchezo huo unachezwa jukwaani New York tangu 2003, nyimbo ametunga mzee mmoja anaitwa Stephen Schwartz, na zile kumi na moja zilizopangwa kwenye albamu binti yangu anazijua zote, tangu shairi la kwanza mpaka kikohozi. Anaziimba akiosha vyombo. Kuna wimbo mmoja wa kupaa, akifika pale juu mikono inamfuata, na sahani zangu mbili zimeshapaa nao.

Nikamuuliza, sasa mwanangu, unasubiri nini kitu unachokijua?

"Nasubiri hawa wakiziimba."

Hawa ni Cynthia Erivo, wazazi wake Wanigeria, yeye kazaliwa London, ndiye wa kijani. Na Ariana Grande, huyo ndiye wa pinki. Halafu akanitupia neno ambalo alijua litanigusa: "Baba, wameimba palepale kamera zikiwaka. Siyo pleibeki."

Hapo nikanyamaza. Mimi ni fundi. Nimeona video za kwaya ngapi? Watu arobaini wamesimama kwenye bustani ya hoteli, wamepakwa poda, midomo inafuatisha kanda iliyorekodiwa miezi mitatu nyuma, na mmoja wa mstari wa nyuma, kila video, anafungua mdomo wakati wenzake wamefunga. Mtu kuimba huku kamera inakuzunguka, umepakwa rangi ya kijani mpaka masikioni, hiyo ni kazi. Nikaikubali moyoni. Kwa mdomo nikamwambia akaoshe vyombo.

Ila akanichefua tena aliposema filamu ni nusu. Saa mbili na dakika arobaini umekaa, mchawi anapaa, basi, nendeni nyumbani, kipande cha pili tarehe 21 Novemba 2025. Mwaka mzima mtu yuko hewani! Enzi zetu, kwenye kibanda umiza pale Mafiati, ukikata filamu katikati watu wanadai hela zao, na usipowapa wanaondoka na benchi.

Na nikikumbuka kibanda umiza ndiyo nagundua kitu cha ajabu. Filamu nimetazama nyingi mno, lakini muziki wa filamu sijawahi kuusikia. Nitausikiaje? Sisi tulitazama zilizotafsiriwa na Lufufu. Violini zikianza kulia taratibu, mpenzi anakata roho, Lufufu ameshaingia na sauti yake nzito anakueleza nani kamuua nani na kwa sababu gani. Nadhani kuna wapiga fidla huko nje waliofanya kazi miezi kadhaa, na sisi kwenye benchi pale Mafiati tukajua kwamba mzungu anakufa kimyakimya, kwa maelezo ya Lufufu.

Binti yangu akasema ndiyo maana yake, baba. Filamu yenyewe mpaka uende Dar, kilomita zaidi ya 800, nauli ya kwenda na kurudi unapata sabufa ndogo ya mtumba. Lakini albamu inafika Mbeya siku inayofika London. Akaniambia tangu Julai 2015 wenye muziki duniani walikubaliana kitu kipya kitoke Ijumaa. Kabla ya hapo Marekani walikuwa wanatoa Jumanne, Waingereza Jumatatu. Akaniuliza, na Mbeya je, baba, enzi zenu ilikuwa siku gani? Nikamwambia Mbeya kaseti ilikuwa inatoka siku ambayo utingo wa basi uliyemwagiza alikumbuka. Akisahau, unasubiri wiki nyingine. Ikifika, unakuta upande B umemezwa na redio ya basi, unatoa utepe nje kama matumbo ya kuku, unaurudisha kwa kalamu ya Bic. Huko ndiko kusubiri, siyo kusubiri umelala kwenye kochi na simu.

Wiki yenyewe ikafika, na ilikuwa wiki gani? Kampeni za serikali za mitaa. Zimeanza Jumatano tarehe 20, magari ya matangazo yanapishana mtaani, na binti yangu anatoka ndani amevaa kijani kutoka kitambaa cha kichwa mpaka soksi. Kwa heshima ya mchawi! Jirani wa kulia akanishika mkono kwa nguvu, akaniita mwenzetu. Jirani wa kushoto, ambaye nimekula naye miaka kumi, akaacha kunisalimia, na ngazi yake niliyokuwa nimeiazima akaja kuichukua mwenyewe usiku. Nikamwita binti, nikamwambia mwanangu, katika wiki hii mtaani hapa kijani ina wenyewe, vaa ile pinki. Akasema pinki ni ya rafiki yake, walishagawana.

Sasa tuje kwenye spika, maana hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu.

Kwaya moja ya hapa mjini iliniletea spika yao kubwa, ya magurudumu, ina Bluetooth na taa zinazozunguka. Ilikuwa inanguruma. Nikaifungua, nikakuta kapasita mbili zimevimba kama chapati, nikabadilisha, ikawa safi. Walikuwa wanaitaka kwa ajili ya Jumapili, uzinduzi wa albamu yao. Uzinduzi mnaujua. Mgeni rasmi anachelewa saa mbili, risala inasomwa yenye madhumuni ya kuomba kinanda, kisha nakala ya kwanza inanadiwa na mgeni rasmi anainunua laki tatu kwa ahadi. Ahadi! Kuna watu mjini hapa wanadaiwa albamu tangu enzi za kaseti. Lakini angalau pale unajua unachosubiri: pilau.

Alhamisi jioni binti akaja kibandani na chai ya tangawizi kwenye chupa. Mtoto akikuletea chai kazini bila kutumwa, funga droo. "Baba, ile spika imepona?" Nikasema imepona. "Lakini si lazima ijaribiwe usiku kucha kwanza?" Jamani, ni kweli! Kitaalamu spika ukishabadilisha kapasita unaiacha ilie saa kadhaa. Huyu mtoto amekulia kibandani. Nikaipakia kwenye bajaji.

Saa tatu usiku sebule yangu imejaa. Wasichana wanne, kijana mmoja mwembamba ambaye sikuambiwa ni wa nani, na mpwa wangu ambaye huwa anatokea palipo na viazi. Viazi vilichemshwa nusu debe. Sukari yangu ya wiki iliisha saa nne. Saa tano ukaanza ugomvi wa saa. Kwenye simu imeandikwa 12:00 AM. Mpwa wangu, mtu mzima mwenye ndevu, akasema basi tulale, ni saa kumi na mbili asubuhi. Wakamzomea. Kijana mwembamba akasema ni saa sita usiku, lakini saa sita ya wapi? Kama ni ya New York, kwetu ni saa mbili asubuhi, maana tumewazidi saa nane. Wasichana wakasema saa sita ya hapa. Mama yangu akasikia kutoka chumbani, akauliza kwa nini watu wanaoita saa sita kumi na mbili mnawaamini mambo mengine.

Dakika kumi zikabaki. Taa za spika zinazunguka, kila mtu amekaa kimya kama yuko kwenye mkesha. Nakiri hata mimi nilikuwa nimekaa. Nilijiambia nasikilizia mngurumo.

Sasa nisikilizeni. Bando walilojiunga lilikuwa la saa 24. Walijiunga lini? Jumatano, saa sita kamili usiku, kwa msisimko. Saa sita kamili ya Alhamisi simu ikapiga mlio, ujumbe ukaingia, wote wakaruka, "Imetoka!" Ilikuwa ni mtandao unasema ndugu mteja, kifurushi chako kimekwisha. Kabla hawajamaliza kulaumiana, radi ikapiga upande wa Loleza, umeme ukaenda, taa za spika zikafa, na kwenye giza nikasikia mtu anaendelea kutafuna kiazi. Nilijua ni nani.

Wakalala palepale. Nikaruka miguu ya watu kwenda chumbani kwangu, nikakanyaga mmoja, akasema "samahani baba" akiwa usingizini. Malezi mazuri hayo.

Asubuhi umeme umerudi, na mwalimu wa kwaya yuko mlangoni. Alipitia kibandani akakuta pamefungwa, akaja nyumbani, amevaa koti la suti juu ya ndala. Mama yangu akamsalimia "ugonile," akamkaribisha mpaka sebuleni. Akaona mabaki ya viazi, akaona mpwa wangu amelala ameegemea spika ya kanisa kama mto. Nikamtoa mpwa. Nikasema mwalimu, nilikuwa naifanyia majaribio ya usiku. Akasema nione. Nikawasha.

Yule mama wa Kichina anayekaa ndani ya spika akatangaza kwa Kiingereza chake kwamba Bluetooth imeunganishwa. Na mimi sijaunganisha chochote. Binti yangu yuko chooni, nje, ana simu, amepewa hela ya bando na mama yake, ambaye naye tutaongea. Saa mbili na dakika zake.

Haikuanza na wimbo wa kwanza. Binti alikwenda moja kwa moja kwenye wa mwisho, wa kupaa. Vyombo vikaingia, madirisha yakatetemeka, kapasita zangu zimetulia, hakuna mngurumo hata chembe, halafu yule dada akaanza kupanda. Akapanda. Ukidhani amefika anapanda tena. Mwalimu wa kwaya mkono wake wa kulia ukainuka wenyewe, kama yuko mbele ya watu wake, macho amefumba. Mimi nimeshika plagi, najiuliza nichomoe au nisichomoe. Wasichana wameamka wanalia machozi ya kweli, mashuka mabegani. Ile sauti ya mwisho ikapasuka, paka akatoka kwa dirishani.

Kimya. Mwalimu akafumbua macho.

"Fundi," akasema taratibu, "huyu soprano ni wa usharika gani?"

Kabla sijapata la kusema, mama yangu akajibu kutoka uani, ungo mkononi: "Ni yule wa kijani."

Mwalimu akatingisha kichwa kama mtu anayeijua kwaya hiyo, wale wenye sare za kijani. Akamwita binti yangu, akamwomba amrushie wimbo, akamuuliza maneno yanasema nini. Binti akaeleza kwa adabu, akamruka mchawi kama mtu anayeruka dimbwi. Mwalimu akasema vizuri sana, wa Krismasi huo, hapo kwenye ufagio tutaweka mbawa za tai. Akamtaka Jumamosi aje mazoezini awafundishe sauti ya kwanza.

Wakaisukuma spika mpaka kwenye bajaji, yeye mwalimu na yule kijana mwembamba, ambaye mpaka leo sijaambiwa ni wa nani. Nikakimbia nyuma yao kwenye tope, namkumbusha mwalimu elfu kumi na tano ya kapasita. Akasema Jumapili, fundi, kwenye uzinduzi. Atanitaja.