Samatta, madawati na hesabu ya asilimia tano

Mwanasoka wa Tanzania Mbwana Samatta akitajwa kijiweni, lazima atokee mtu wa kuuliza: hivi vijana wa Mbagala, Dar es Salaam, alikotoka, amewafanyia nini? Muulizaji jibu analo tayari. Mechi ya hisani na mwanamuziki Alikiba pale Uwanja wa Taifa mwaka 2018, wasanii, picha, basi. Akademi iko wapi? Kiwanja kiko wapi?

Swali lina uzito wake. Mechi ya hisani inasubiri ligi za Ulaya zifungwe na mwenyewe awe na nafasi. Timu ya watoto inahitaji mipira kila wiki. Tena halmashauri ikizoea kwamba nyota atalipa, fungu la michezo ndilo la kwanza kukatwa. Hapo wakosoaji wana haki.

Wanapokosea ni kwenye lawama kwamba mapato ya mechi hiyo yalielekezwa shuleni, mpira ukaachwa mikono mitupu. Hebu tafuta Dar es Salaam, kwenye mitaa iliyobanana, mahali mtoto wa miaka kumi anaweza kupiga shuti bila kuvunja dirisha la jirani. Mara nyingi utaishia kwenye uwanja wa shule ya msingi. UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, inaanzia hapo, kwa mwalimu wa michezo mwenye jezi zilizopauka, nyingine hazina hata namba. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 wanafunzi walifurika, na mwaka huohuo nchi nzima ilikuwa ikihangaikia madawati. Shule ikielemewa, kinachomegwa ni kiwanja: darasa jipya linajengwa pale lilipokuwa goli. Kwa hiyo anayeibeba shule hajautupa mpira. Na akademi, pamoja na uzuri wake, huchagua wachache wenye kipaji. Shule inampokea hata yule asiyejua kupiga danadana.

Kuna hesabu moja inayonisumbua kuliko mechi yoyote ya hisani. Aston Villa ya Uingereza ilipomchukua Samatta kutoka Genk ya Ubelgiji, Januari 2020, ada iliyoripotiwa ilikuwa karibu pauni milioni 8.5. Kanuni za FIFA zinatenga asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa kwa klabu zilizomlea mchezaji kuanzia umri wa miaka 12 hadi 23. Kila msimu wa miaka 12 hadi 15 una asilimia 0.25 ya ada nzima. Piga mwenyewe: pauni 21,250 kwa msimu, pauni 85,000 kwa misimu minne. Ni uhamisho mmoja tu huo, na mchezaji akiuzwa tena hesabu inaanza upya. Mfukoni mwake haitoki hata senti, wala hakuna wa kuombwa hisani. Ni haki ya klabu.

Sharti ni usajili. Kanuni inamtambua mtoto aliyeandikishwa na klabu inayotambuliwa na shirikisho, na kumbukumbu zake zionekane. Timu nyingi za mtaani zina kocha mwenye kauntabuku: jina la utani, namba ya simu ya mama, alama ya vema kwa aliyechangia mpira. Hiyo kauntabuku FIFA haiisomi. Klabu kubwa inayomchukua kijana akiwa na miaka 17 inakuwa na makaratasi, inakula mgawo wake. Waliomfundisha kutuliza mpira kifuani wanabaki kumuangalia kwenye runinga.

Halafu lawama tunampelekea Samatta! Pengo la makaratasi likizibwa, timu za utotoni za wachezaji wanaouzwa nje zitalipwa, wachezaji wapende wasipende, hata wale wasio na moyo wa kutoa.

Kama kuna la kumdai Samatta, mimi ningemdai jina lake litumike mbele ya TFF, shirikisho la soka la Tanzania, na vyama vya soka vya wilaya: usajili wa watoto wa miaka 12 uwe bure, ufanyike uwanjani wanapofanyia mazoezi, na kocha asaidiwe kufuatilia vyeti vya kuzaliwa. Gharama yake ni ndogo kuliko ya akademi.